Kapteni Mstaafu na Cessna 182 Mbili: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Wilson

Rubani wa kisa hiki alitimiza miaka 65 akiwa kapteni wa Boeing 787. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huo ndio ukomo wa kurusha ndege ya biashara yenye marubani wawili. Kabla ya Novemba 2006 ukomo ulikuwa miaka 60. Ila kanuni hiyo haigusi ndege yako binafsi. Mwenye leseni hai, cheti cha afya na idhini ya kurusha ndege ya injini moja ya pistoni anaweza kumpakia mkewe na wajukuu wake hadi siku daktari atakapokataa kutia sahihi.

Mimi ni fundi wa ndege hapa Uwanja wa Wilson, Nairobi. Katika kisa hiki kazi yangu ilikuwa kuikagua ndege kabla mnunuzi hajatoa pesa. Kapteni ameniruhusu nikieleze bila jina lake na bila namba za usajili. Nakiandika kwa sababu naona marubani wa mashirika wakistaafu na kununua ndege ndogo kwa kigezo kinachowaumiza: wanahesabu saa chache za injini kuwa ndiyo sifa kuu. Kwa ndege kubwa hakuna anayewaza hivyo. Kwa ndege ndogo, hasa ya mtu ambaye mwenyewe ataruka mara chache, kinachomaliza injini na bodi ni kulala. Na mkono wa rubani nao hulala.

Alichokitaka na safari alizokuwa nazo

Kapteni alikuja na chaguo lake tayari: Cessna 210L ya mwaka 1974, nguvu farasi 300, magurudumu ya kukunja, viti sita. Ilikuwa inauzwa hapahapa Wilson. Mtu aliyezoea kuvuka bahari kwa futi 40,000 huwezi kumlaumu akipenda ndege yenye mwendo.

Nilimwomba kwanza aandike safari za mwaka mmoja ujao, zile ambazo hata mkewe angekubali kwamba kweli zitafanyika. Mkewe alikuwa amekaa nasi, na kalamu ikaishia mkononi mwake. Wana nyumba Malindi, kwa hiyo huko ni mara moja kwa mwezi. Kisumu kwa wazee, mara tano hivi kwa mwaka. Nanyuki kwa binti yao. Halafu Jumamosi asubuhi kuzunguka karibu, kwa kujifurahisha tu. Abiria mara nyingi ni wao wawili, shule zikifungwa ni wanne. Tulipojumlisha tukapata saa 70 hivi kwa mwaka. Kazini saa hizo alikuwa akizimaliza kwa mwezi mmoja.

Karatasi hiyo ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Kutoka Wilson hadi Malindi moja kwa moja ni kama maili za baharini 228. Cessna 210 ikienda noti 165, yaani maili za baharini 165 kwa saa, inatumia saa moja na dakika 23. Cessna 182, ndugu yake mwenye magurudumu yasiyokunjwa, ikienda noti 130 inatumia saa moja na dakika 45. Tofauti ni dakika 22. Kwa dakika hizo 22 Kapteni angenunua mfumo wa kukunja magurudumu unaotaka matunzo kila mwaka, bima ya juu zaidi, na hatari ambayo rubani wa shirika huidharau: kusahau kuteremsha magurudumu. Kwenye 787 kuna rubani wa pili anayesoma orodha na kuna mfumo unaokupigia kelele mapema. Kwenye 210 uko peke yako, jua liko machoni, mjukuu anauliza kama tumefika, na mara ya mwisho kuruka ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Kulikuwa na jambo zito kuliko hilo. Mei 2019, karibu na Mount Isa nchini Australia, Cessna T210M iliyokuwa ikifanya upimaji wa ardhi kwa kuruka chini chini ilikatika bawa angani, na marubani wake wawili wakafa. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu kwenye boriti inayopita ndani ya paa kuunganisha mabawa mawili, ufa ulioanzia kwenye kishimo kidogo cha ulikaji. Mabawa ya 210 za tangu 1967 hayana nguzo ya kuyategemeza kutoka chini. Mzigo wote unabebwa na boriti hiyo. Mwaka 2020 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima kwamba boriti za modeli hizo zikaguliwe kwa macho na pia kwa kifaa cha umeme kinachogundua ufa usioonekana. Vitabu vya ile 210 ya Wilson havikuwa na ukurasa wowote unaoonyesha ukaguzi huo umefanyika, na muuzaji alisema mnunuzi ataufanya akishalipa. Kapteni alifunga kitabu akasema, "Basi, Fundi, hiyo tuiache."

Zilizopita haraka

Mooney M20J ni ndege nzuri mno kwa mafuta inayotumia, lakini iko chini na propela yake iko karibu na ardhi. Kwenye viwanja vya murramu inakuwa adhabu. Bonanza ingempa raha yote aliyoitaka, ila bei yake na ya vipuri vyake ilikuwa juu ya mfuko wake. Aliuliza pia, na ni swali la haki, kwa nini asinunue ndege ndogo ya dizeli inayochoma Jet A-1, mafuta aliyoyatumia maisha yake yote na yanayopatikana karibu kila kiwanja kikubwa, tofauti na petroli ya ndege. Zipo 172 za namna hiyo, na kwa kuwa zina tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, hazipotezi nguvu haraka kwenye miinuko. Ila injini hizo zikifika mwisho wa saa zake hazifanyiwi ukarabati kamili, hutolewa ikafungwa nyingine. Mstaafu anayetegemea akiba lazima ajue siku hiyo pesa itatoka wapi. Tuliipima, tukaiacha.

Cessna 172 yenyewe nilitaka aifikirie sana, na nilimshikilia hapo kwa muda, kwa sababu kwa watu wawili wastaafu mara nyingi ndiyo jibu. Yaliyoiangusha ni mambo mawili ya hapa kwetu. Wilson iko futi 5,500 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Injini isiyo na tabo inabaki na robo tatu hivi ya nguvu yake, kwa hiyo farasi 160 wa 172N wanakuwa 120. Kwa hesabu ya kitabuni, ikiwa imebeba uzito wake wote, inapanda futi 400 hivi kwa dakika, na upande wa magharibi vilima vya Ngong vinakungoja kwenye futi 8,000. Inawezekana, watu wanafanya kila siku, lakini ukiwa na wajukuu nyuma huachi nafasi kubwa ya kukosea.

Suala la pili ni petroli ya ndege. Nje ya Nairobi huna uhakika wa kuipata siku unayoitaka. 172N yenye matangi ya kawaida ina lita 151 zinazotumika, na inakunywa kama lita 32 kwa saa. Kwenda Malindi na kurudi ni zaidi ya saa nne. Hesabu hiyo haiachi akiba ya halali. 182P yenye matangi makubwa ina lita 284, inakunywa kama lita 50 kwa saa, na kwenda na kurudi inahitaji lita 200 hivi. Unaondoka Wilson umejaza, unashinda Malindi, unarudi bila kumwomba mtu petroli. Na bado inabeba: uzito wa juu kabisa ni kilo 1,338. Ndege tupu tuliyoipima baadaye ilikuwa na kilo 805. Ondoa mafuta kilo 204, zinabaki kilo 329 za watu na mizigo. Ndiyo ilivyo 182, inapanda vizuri kidogo kuliko 172 lakini inabeba vizuri zaidi sana.

Mwisho kuhusu 172: iliyokuwa sokoni ilikuwa na injini ya O-320-H2AD, ile iliyofungwa kwenye 172 za mwaka 1977 hadi 1980, yenye historia ya kula kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kwa ndege itakayoegeshwa wiki mbili tatu mfululizo, sikuipenda.

Mbili zilizobaki

Zilikuwa 182P mbili, zote za miaka ya sabini mwanzoni, zote na injini ya Continental O-470-R ya nguvu farasi 230.

Ya kwanza ilikuwa pwani. Rangi mpya nyeupe yenye mistari ya buluu, viti vya ngozi, skrini mbili za kisasa badala ya vipimo vya zamani vya mshale. Injini ilikuwa na saa 240 tu tangu ukarabati kamili. Dalali aliandika "injini mpya" kwenye tangazo. Ya pili ilikuwa ya mfugaji wa Laikipia. Rangi imefifia, kiti cha nyuma kimechanika, vipimo vyote ni vya zamani. Injini ilikuwa na saa 1,180 tangu ukarabati. Mtengenezaji anapendekeza ukarabati kamili kila saa 1,500 au miaka 12, lolote litakalotangulia.

Kapteni alishaipa ya pwani moyo wake kabla hatujaiona. Nikamwonyesha mstari mmoja kwenye kitabu cha injini. Zile saa 240 zilianza kuhesabiwa miaka 14 iliyopita, na katika miaka minne ya mwisho injini ilikuwa imeruka saa 11. Kwa kalenda muda wake ulishapita. Ya Laikipia ilikarabatiwa miaka minane iliyopita na tangu hapo imeruka karibu kila wiki, Nanyuki na Wilson, Nanyuki na Wilson.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili ni kubwa, kwa kuwa ndilo linalowaponyoka wengi. Injini ikichoma petroli inatengeneza maji na asidi, na sehemu yake hupenya hadi kwenye oili. Ukiruka saa nzima oili inapata joto la kutosha na maji yanatoka kama mvuke. Ukiiegesha, oili inatiririka kwenda chini, kuta za silinda zinabaki na utando mwembamba, kisha zinabaki wazi, na hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi inaanza kazi yake. Kwenye injini za Lycoming, kama ile ya 172, hali ni mbaya zaidi kwa sababu kamshafti iko juu ya kranki, mhimili mkuu wa injini, na hukauka kwanza. Kwenye O-470 iko chini, ndiyo maana naiona inavumilia kidogo, lakini silinda hazina msamaha. Na wale wanaowasha injini kila wiki kwa dakika tano ikiwa imeegeshwa wanazidisha tatizo: wanaongeza maji bila kuyapa joto la kuyatoa.

Tulishuka pwani. Nilianza na vipimo vya mgandamizo wa silinda. Unaingiza hewa ya shinikizo la paundi 80 kwa inchi ya mraba, unasoma kiasi kinachobaki. Silinda zote sita zilikuwa kati ya 72 na 75. Dalali alitabasamu, na Kapteni pia. Kisha nikatoa plagi za juu nikaingiza kamera nyembamba kwenye kila tundu. Kwenye silinda ya pili na ya nne kuta zilikuwa na madoa ya kahawia, na madoa hayo yalikuwa yameshakuwa vishimo. Mgandamizo haukuyasema kwa sababu pete za pistoni bado ziliziba. Nikakata filta ya oili, nikafungua karatasi yake iliyokunjwakunjwa na kuitandaza kwenye jua. Kulikuwa na chembe zinazong'aa. Nilipitisha sumaku juu yake zikasimama zikaishika. Alumini haishiki sumaku. Hicho kilikuwa chuma cha ndani ya injini.

Baada ya hapo bodi. Ndani ya mabawa ya 182 za umri huo mafuta hukaa kwenye mifuko ya mpira. Mfuko ukizeeka au ukifungwa vibaya hupata mikunjo kwenye sakafu yake, na maji ya mvua yanayopenya kwenye kifuniko hujificha nyuma ya mikunjo hiyo. Asubuhi unatoa sampuli chini ya bawa inaonekana safi. Unaruka, pua inainuka, maji yanavuka mkunjo na kwenda kwenye injini. Nilitoa sampuli, ikawa safi. Nikaomba watu wawili watikise mabawa, tukaushusha mkia chini, tukangoja, nikatoa tena. Chini ya kikombe palikuwa na tone kubwa la maji likiviringika chini ya petroli ya buluu. Kapteni alikishika kikombe kile juu akakiangalia muda mrefu bila kusema neno.

Chini ya rangi mpya, karibu na riveti za tumbo la bawa, kulikuwa na mistari iliyovimba kama nyuzi. Nilipofungua kifuniko cha ukaguzi, ndani palikuwa na unga mweupe, ndio alumini yenyewe inavyolika. Lililomaliza kazi lilikuwa bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Gurudumu la pua la 182 limeshikizwa hapo, na pua ya ndege hii ni nzito. Rubani akiigusisha pua kwanza wakati wa kutua, bati hilo linakunjika kwenye pembe za chini. Hili lilikuwa limekunjika, likanyooshwa, likapakwa rangi, na riveti za upande mmoja hazikufanana na za upande mwingine. Kwenye vitabu hakukuwa na neno. Kuumia peke yake kusingenitisha. Ndege nyingi za umri huo zimewahi kuumia, na ukarabati ulioandikwa na kutiwa sahihi naukubali. Usioandikwa siukubali, kwa kuwa sijui ni nini kingine hakikuandikwa.

Ya Laikipia tuliikagua wiki iliyofuata, na sikuipa upendeleo. Silinda tano zilisoma kati ya 68 na 72, ya tatu ilisoma 56. Ukiweka sikio kwenye bomba la ekzosi unasikia hewa ikitoka huko, yaani valvu ya kutolea moshi inavuja. Ingekuwa inatokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ningesema ni pete. Kamera ilionyesha uso wa valvu hiyo una rangi isiyo sawa, upande mmoja umeungua zaidi. Silinda hiyo ingepaswa kutolewa. Propela ilikuwa na meno madogo ya kokoto, mkia una vibonyeo vya mawe ya murramu. Reli za kiti cha rubani zilikuwa na matundu yaliyolika, na hilo silipuuzi hata kidogo. Kiti kikiteleza nyuma wakati wa kuruka, rubani huvuta usukani bila kutaka na pua huinuka mpaka mabawa yanashindwa kuibeba ndege. Watu wamekufa hivyo kwenye Cessna, na kuna agizo la lazima la kupima reli hizo.

Lakini kuta za silinda zilikuwa zinang'aa, na alama za kunolewa bado zinaonekana. Filta ilikuwa safi. Mifuko ya mafuta ilibadilishwa, na hati ipo. Bati la mbele lilikuwa limenyooka na riveti zake ni za kiwandani. Vitabu vilikuwa kamili tangu ndege iingie nchini, kila ukaguzi una sahihi na namba ya leseni ya fundi.

"Fundi," Kapteni aliniuliza tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha bawa, "unaniambia niache injini ya saa 240 nichukue ya 1,180?"

"Kapteni, ile 787 ya mwisho uliyoirusha, injini zake zilikuwa zimelala?"

Akanyamaza. Anajua kuliko mimi jinsi injini za shirika zinavyofuatiliwa: kwa mwenendo wa joto, oili na mtikisiko, siku baada ya siku. Ya Laikipia ilikuwa na mwenendo wa kufuatilia. Ya pwani ilikuwa na pengo.

Bei ilishuka kwa gharama ya silinda, valvu na reli za kiti. Mfugaji hakubisha sana, kwa sababu orodha ilikuwa mbele yake pamoja na picha za kamera. Arubuni ililipwa kwa masharti kwamba silinda itolewe kwanza. Ilipotolewa tukakuta tatizo ni valvu na mahali inapokalia tu, pistoni na ukuta viko salama.

Injini ile ina faida moja na dosari moja ambazo mwenye nayo lazima azijue. Mgandamizo wake ni mdogo, 7.0 kwa 1, kwa hiyo ni mpole. Ilibuniwa kwa petroli ya okteni 80, ambayo haipo tena, na inayopatikana leo, 100LL, ina madini ya risasi mengi kuliko ile ya zamani. Risasi hiyo hujenga vijiwe kwenye plagi. Dawa ni kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko hata ukiwa unatembea ardhini. Kapteni alikuwa hajagusa kidhibiti cha mchanganyiko tangu akiwa kijana shuleni.

Kumrudisha rubani kwenye ndege ndogo

Hapa ndipo sehemu ya pili ya hoja yangu. Kampuni ya bima haikujali sana maelfu ya saa zake za ndege kubwa. Ilitaka saa 10 na mwalimu kwenye aina hiyohiyo. Mwalimu alikuwa binti mwenye umri wa kuwa mwanawe. Alimwita Kapteni, naye Kapteni akamwita Mwalimu tangu dakika ya kwanza, na nadhani heshima hiyo ndiyo iliyofanya mafunzo yaende vizuri.

Kutua ndiko kulikomsumbua. Kwenye 787 macho ya rubani yako juu sana ya njia, sauti inamhesabia 50, 40, 30, 20, 10, na anaanza kuinua pua mapema. Kwenye 182 akiinua pua kwenye urefu uleule, ndege inapoteza mwendo hewani na kuanguka. Akaogopa, akaanza kuisukuma chini, na hapo hatari inakuwa ya gurudumu la pua na lile bati nililolieleza. Mwalimu alimfanya aruke kwa muda mrefu futi chache juu ya njia bila kugusa, mpaka macho yakapata kipimo kipya. Miguu nayo ilikuwa imelala: kwenye jeti hukanyagi pedali kila unapoongeza nguvu, kwenye propela usipokanyaga kulia pua inakwenda kushoto.

Kabureta ndiyo niliyosisitiza mimi mwenyewe. Aina hii ya injini inajulikana kwa barafu ya kabureta. Ukishuka kuelekea Malindi nguvu ikiwa imepunguzwa, hewa ina nyuzi 25 na unyevu mwingi, barafu inaweza kujijenga ndani ya koo la kabureta ingawa nje watu wanatokwa jasho. Vuta joto la kabureta kabla ya kupunguza nguvu, usingoje injini ilalamike.

Mipaka yake alijiwekea mwenyewe, na imekaa vizuri kuliko ya vijana wengi. Hakuna kuruka usiku kwa injini moja. Kisumu ni asubuhi tu, kwa sababu mchana mawingu ya radi hujikusanya juu ya ziwa na Nyanda za Juu. Kwenda Malindi hapiti moja kwa moja juu ya Tsavo. Anafuata barabara ya Mombasa na reli mpaka Voi, ndipo anageuka kuelekea baharini. Inaongeza dakika 12 hivi. Injini ikizima, kuna mahali pa kushuka na watu wa kukuona. Kifaa cha kutoa mlio wa dharura tulikibadilisha kiwe cha megahezi 406, kwa kuwa setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu Februari 2009 na cha zamani kilikuwa cha aina hiyo.

Lilibaki swali la saa 70 kwa mwaka. Hizo zinatosha kwa Kapteni, hazitoshi kwa injini, hasa zikiangukia kwenye wiki chache. Nilipendekeza atafute mshirika, na akampata: mwenzake wa zamani aliyestaafu mwaka uliotangulia. Sasa ndege inaruka saa 130 hivi kwa mwaka na haikai zaidi ya siku kumi bila kupata joto. Injini ilibaki na saa 320 kabla ya kufikia 1,500, kwa hiyo wameanza mfuko wa ukarabati: kila saa inayorushwa ina kiasi chake kinachokwenda benki siku hiyohiyo, na hakuna anayeweza kuzitoa pesa hizo bila sahihi mbili. Oili inabadilishwa kila saa 50 au miezi minne, filta inakatwa mbele yao, na sampuli inapelekwa maabara ili mwenendo uonekane.

Mkataba wao una kurasa mbili. Kifungu kilichochukua muda mrefu zaidi kuandikwa ni cha afya. Yeyote atakayenyimwa cheti na daktari anauza nusu yake kwa mwenzake kwa bei itakayopangwa na fundi asiyefanya kazi na yeyote kati yao, na ana miezi sita ya kufanya hivyo. Wakati huo anaruhusiwa kukaa kiti cha kulia, si cha kushoto. Kila baada ya miezi sita kila mmoja anaruka na Mwalimu, kama walivyozoea kuingia kwenye simuleta kazini, na asiyepita habebi abiria mpaka arudie. Walitia sahihi wote wawili, na mkewe Kapteni akatia sahihi kama shahidi.